Kapo Iliyoliwa na Kutu: Kiraka au Nyingine?

Hapa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna malori yanayofanya kazi leo ambayo yana umri mkubwa kuliko madereva wake. Yanaleta mihogo na mahindi kutoka upande wa Nyunzu, yanabeba saruji na mabati kutoka bandarini, yanapanda kwenda Moba, na mengine yanashika barabara ya Bendera inayoendelea mpaka Fizi na Uvira. Injini zake zimefunguliwa na kufungwa upya, giaboksi zimetolewa kwenye gari lingine, chasi zimeongezewa vyuma. Juu ya injini mwenye lori hachelewi kuamua, maana injini ikifa, kazi imesimama. Kapo, yaani boneti, ina tabia nyingine. Inaoza taratibu. Rangi inavimba, tundu linatokea, fundi anajaza puti, na msimu wa mvua ukiisha tundu limerudi likiwa kubwa zaidi. Mwaka wa pili au wa tatu ndipo mwenye lori anajiuliza: niichomelee tena, au nitafute nyingine?

Niseme msimamo wangu mapema. Ukubwa wa tundu unaloliona juu hautoshi kuamua. Kinachoamua ni hali ya sehemu tatu ambazo huzioni ukiwa umesimama mbele ya lori: pindo la ukingoni, mbavu za ndani, na mahali bawaba na kufuli zinaposhikia. Sehemu hizo zikiwa nzima, kapo inastahili kutengenezwa hata kama ina tundu la kupitisha ngumi. Zikiwa zimeoza, kapo hiyo imekufa, hata kama rangi yake inang'aa.

Kutu inataka nini

Chuma hakiozi kwa sababu ya uzee. Kutu inahitaji vitu viwili vikutane juu ya chuma: maji na oksijeni. Ukizuia kimojawapo, kutu inasimama. Ushahidi wake tunao katika Ziwa Tanganyika. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, Graf von Götzen, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ile ilikuwa bado inafaa kutengenezwa na kutumika, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma kilikaa majini miaka mingi, lakini grisi ilikuwa imeyazuia maji na hewa visikiguse.

Wapo wanaolaumu chumvi ya ziwa. Lawama hiyo haina msingi mkubwa. Lita moja ya maji ya Tanganyika ina chini ya gramu moja ya chumvichumvi zilizoyeyuka, wakati lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi. Lori la Kalemie haliliwi kwa kasi ya lori linaloshinda bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Kinacholila hapa ni unyevu wa miezi mingi ya mvua, tope linaloganda pembeni bila kuoshwa, na umande wa kila alfajiri juu ya bati lililopoa usiku.

Chumvi yenyewe mara nyingi imekuja na lori. Kama lilitumika Ulaya kabla ya kuletwa Afrika, limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kama lilifanya kazi miaka kadhaa pwani, limepulizwa upepo wa bahari. Chumvi hiyo hujificha ndani ya mikunjo ya bati, nayo ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana malori mawili ya kiwanda kimoja na umri mmoja, yanayolala uwanja mmoja, yanaweza kuoza kwa kasi tofauti kabisa.

Jambo jingine ni kwamba kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo inasukuma. Uvimbe wa rangi wenye ukubwa wa harage unakuambia kuwa chini yake kutu imekwisha kutanda mbali zaidi ya duara unaloliona. Ukikwangua uvimbe huo tu na kupaka rangi juu yake, umeyafungia maji ndani.

Mahali inapoanzia

Kapo nyingi za chuma zimejengwa kwa bati mbili. Bati ya nje, ambayo mafundi huiita ngozi, ndiyo unayoipaka rangi. Chini yake kuna fremu yenye mbavu, ndiyo inayoipa kapo nguvu isicheze. Kiwandani ukingo wa ngozi hukunjwa kuizunguka fremu, kisha hugandamizwa. Mkunjo huo ndio pindo.

Kati ya bati hizo mbili hubaki mwanya mwembamba mno. Maji yakifika hapo hunyonywa ndani, wala hayatoki kwa urahisi, kwa sababu jua haliingii na upepo haupiti. Rangi ya kiwandani nayo haikufika vizuri ndani ya mkunjo. Kutu ya pindo basi hula kama mchwa: nje unaona pazima, ndani pamebaki unga. Pindo la mbele, juu ya grili, ndilo huanza, maana kapo imeinama upande huo na maji yote hutiririkia huko.

Baada ya pindo, angalia pale mpira wa kuegemea unaposugua mpaka rangi inaisha. Angalia karibu na betri, ikiwa betri iko chini ya kapo, kwa kuwa mvuke wa asidi unakula rangi kisha chuma. Angalia chini ya blanketi la kuzuia kelele, kama lori bado linalo, kwa sababu likilowa linakaa na maji kutwa. Halafu kuna desturi ya matingo kupanda juu ya kapo ili kufunga mzigo. Kila anaporuka bati inabonyea kidogo na kurudi, na rangi iliyokauka kwa miaka haiwezi kuufuata mchezo huo. Inapasuka nyufa nyembamba kama nywele, na kila ufa ni mlango wa maji.

Uchunguzi wa nusu saa

Usiamue kabla hujaifungua kapo na kuitoa kwenye lori. Unahitaji bisibisi butu, brashi ya waya, tochi na sumaku. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inatosha.

Anza na sumaku kabla hujakwangua chochote. Ipitishe polepole juu ya ngozi yote. Juu ya chuma kizima inakamata kwa nguvu. Ikifika penye puti inalegea, na puti ikiwa nene inaanguka. Zungushia chaki kila mahali ilipolegea. Michoro hiyo ya chaki inakuonyesha matengenezo yote ya zamani ambayo hukuambiwa siku uliponunua lori.

Kisha ilaze kapo kichwa chini juu ya matairi mawili, ili uone tumbo lake. Piga brashi ya waya kwenye pindo, uanzie kona ya kushoto uende kulia. Kutu ya juujuu hutoka kama vumbi jekundu na kuacha chuma cha kijivu. Kutu iliyokomaa hutoka kwa magamba ya kahawia, moja juu ya jingine, na chini ya gamba la mwisho unakuta vishimo. Sasa ichukue bisibisi, uisukume kwa nguvu ya kiganja, bila nyundo, kila baada ya upana wa vidole viwili. Chuma kizima kinaikataa. Chuma kilichoisha kinatoa mlio mkavu wa ganda, halafu bisibisi inazama. Usione huruma. Pindo linalotobolewa na kiganja halikuwa limeshika kitu, na ni heri ujue ukiwa gerejini kuliko ukiwa njiani.

Rudia hivyo kwenye kila ubavu, hasa mahali ubavu unapokutana na ngozi. Rudia kwenye bati inayoshika bawaba na ile inayoshika kufuli, na hapo uwe mkali maradufu. Tikisa boliti za bawaba. Zikicheza ilhali zimekazwa, chuma kilicho chini yake kimekonda. Mwisho subiri giza, mtu aishike kapo imesimama, uimulike kwa tochi upande wa tumbo. Vitundu vya ncha ya sindano usivyoviona mchana vitaonekana kama nyota.

Baada ya hapo utajua uko wapi kati ya madaraja matatu. La kwanza ni kutu ya juu: chuma kimebadilika rangi, lakini unene wake haujapungua. La pili ni vishimo: chuma kimechimbika bila kutoboka. La tatu ni kutoboka. Daraja peke yake halitoshi, lazima useme na mahali. Kutoboka katikati ya ngozi ni aibu ya macho. Vishimo virefu penye bawaba ni hatari ya maisha.

Kwa nini bawaba na kufuli havina mjadala

Upepo unaolipiga lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 30 kwa kila mita moja ya mraba ya bati iliyosimama mbele yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Kapo ya lori ikifunguka ghafla, bawaba dhaifu zinapokea mzigo huo wote kwa pigo moja. Ama kapo inapinda juu ya kioo na dereva haoni kitu, ama inang'oka na kuruka kuelekea wanaofuata nyuma, wenye pikipiki na watembea kwa miguu. Barabara zetu zenye mashimo zinaongeza lao: kila mtikisiko unavuta ndoano ya kufuli, na bati iliyokonda inachanika kidogo kidogo.

Kwa hiyo kapo yenye mashaka penye kufuli isiendeshwe barabarani kwa kutumainia waya wa kufungia. Mkanda imara pande zote mbili unaweza kukufikisha nyumbani kwa mwendo wa pole. Ukimaliza safari hiyo, uipeleke kwa fundi.

Lini utengeneze

Tengeneza ikiwa pindo ni zima kwa sehemu kubwa ya mzunguko wake, mbavu hazijatenganishwa na ngozi, na vishikio vya bawaba na kufuli vinaikataa bisibisi. Mashimo mawili matatu katikati ya ngozi, au kipande kifupi cha pindo kilichooza kwenye kona moja, ni kazi ya kawaida kwa fundi bodi mwenye mikono mizuri.

Kuna sababu nyingine ya kutengeneza ambayo wenye malori ya zamani wanaielewa. Kapo ya asili inalingana na lori lake. Malori ya pua fupi ya Mercedes-Benz, familia ya 911 na 1113, yalianza kutengenezwa mwaka 1959 na kwa masoko ya nje yakaendelea mpaka miaka ya 1990. Katika muda mrefu hivyo vipande vilibadilika. Kapo inayofanana kwa macho inaweza kukataa kukaa: bawaba zinapishana kwa kidole, au kufuli halifiki. Kuilazimisha kwa nyundo ni kupasua rangi na kuanzisha kutu mpya siku ya kwanza.

Wenye Land Rover za zamani wana habari tofauti. Sehemu kubwa ya bati za nje za magari hayo ni alumini, na alumini haina kutu nyekundu. Inatoa unga mweupe, hasa inapogusana na chuma mahali penye maji, kwa sababu metali hizo mbili zikilowa pamoja alumini ndiyo inayoliwa. Usiweke kiraka cha chuma juu ya alumini. Tumia alumini kwa alumini, na utenganishe kila boliti ya chuma kwa rangi nzito au kipande cha mpira.

Lini uiache

Iache ikiwa zaidi ya theluthi moja ya pindo imekwisha, mbavu zimeachana na ngozi, au vishikio vya bawaba vimetoboka pande zote mbili. Hapo fundi hatakuwa anatengeneza kapo. Atakuwa anaunganisha viraka kwa viraka, na kila mshono mpya ni mahali pengine pa kushikia maji.

Iache pia ikiwa sumaku imekuonyesha kwamba nusu ya ngozi ni puti. Puti ina unga unaonyonya unyevu. Ikiwa nyembamba, kama milimita mbili au tatu, juu ya chuma kisafi na chini ya rangi nzuri, inafanya kazi yake kwa miaka. Ikijazwa tunduni ikiwa nene kama kidole, inafyonza maji kutoka upande wa chini ambao haukupakwa kitu, na inayashikilia kwenye chuma kilichobaki. Puti hulainisha uso. Haizibi tundu. Anayekuzibia tundu kwa puti anakuuzia miezi sita.

Njia ya tatu

Kati ya kiraka na kapo nyingine kuna njia ambayo wengi hawaulizii: ngozi mpya juu ya mbavu za zamani. Ikiwa fremu ni nzima na ngozi ndiyo imeoza, fundi anafungua pindo pande zote, anaitoa ngozi, anaisafisha fremu mpaka chuma cheupe, anaipaka rangi, kisha anakata bati mpya na kuikunja upya. Kwa malori yenye kapo bapa au yenye mviringo mdogo, kazi hii inawezekana kwa nyundo, mbao na subira. Kwa kapo yenye mikunjo mingi ya kiwandani haiwezekani bila mashine.

Bati ya kutumia iwe na unene wa karibu milimita moja. Mita moja ya mraba ya chuma cha unene huo ina uzito wa kilo nane kasoro kidogo, kwa hiyo hutailemea fremu. Mabati ya kuezekea ni membamba mno, na tena yamepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907, mapema sana kabla chuma hakijayeyuka, ambacho kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Fundi anayechomelea bati lenye zinki anavuta moshi mweupe unaomletea homa na kutetemeka usiku huo. Zinki isagwe iondoke kabisa penye mshono, na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha.

Wengi hutumia pipa la lita 200, nalo lina unene unaofaa. Lakini pipa lililobeba petroli lisikatwe kwa moto wala kwa grainda. Mvuke uliobaki unalipuka hata pipa likionekana kavu na limekaa mwaka mzima. Chagua pipa lililobeba oili au kitu kisichowaka, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, na hata hilo lifungue kwa patasi na nyundo.

Hesabu ya pesa na siku

Swali la bei lisiulizwe hivi: ipi rahisi leo? Liulizwe hivi: kila mwaka wa kazi utanigharimu kiasi gani? Tuseme, kwa mfano tu, kiraka ni dola 60 na kitadumu mwaka mmoja, ilhali kapo nyingine ni dola 200 na itadumu miaka mitano. Kiraka kinakula dola 60 kwa mwaka, kapo inakula 40. Lakini ikiwa kiraka kilichofanywa vizuri kitadumu miaka minne, kinakula 15 tu, na hesabu inageuka. Kwa hiyo ubora wa kazi ya fundi ndio unaoamua bei halisi kuliko tarakimu anayokutajia.

Ongeza siku. Kapo ya kutoka Dar es Salaam inapaswa kwanza ifike Kigoma, kisha ivuke ziwa. Ya kutoka Lubumbashi itasafiri mbali kwa barabara, au kwa treni mpaka Kabalo na kushika reli iliyofika kwenye ziwa hapa mwaka 1915. Kila siku ya kusubiri, lori likiwa limesimama, ni mzigo uliobebwa na mwingine. Weka pesa za siku hizo upande wa kapo mpya. Na upande wa kiraka weka siku ambazo lori litarudi gerejini kama kazi ilikuwa ya kulipua.

Kazi inayodumu

Ukiamua kutengeneza, simamia mambo haya mwenyewe.

Kapo itolewe kwenye lori kabla ya kuchomelewa. Cheche karibu na mipira ya mafuta zimeteketeza magari mengi. Kama kuna kipande kinachobidi kuchomelewa kwenye lori lenyewe kwa umeme, nyaya za betri na za alteneta zifunguliwe kwanza.

Chuma kilichooza kikatwe, kisifunikwe. Mkato uende sentimita mbili au tatu kupita mwisho wa kutu, mpaka chuma kinachong'aa. Kona za kiraka ziwe za mviringo, kwa sababu kona kali ndipo bati huanza kuchanika kwa mtikisiko. Kiraka kikae sawa na ngozi, ukingo kwa ukingo. Kiraka kilichopandishwa juu ya kingine kinatengeneza mwanya uleule wa pindo, na kutu inarudi hapo.

Bati nyembamba haipendi moto wa mfululizo. Fundi aweke nukta moja, aende upande wa pili aweke nyingine, arudi katikati, aiache ipoe, na hivyo hivyo mpaka nukta zikutane. Akivuta mshono kwa mkupuo mmoja, bati itajikunja mawimbi, kisha ataomba puti nyingi ya kuficha mawimbi. Kwa mashine ya umeme wa kawaida atumie vijiti vyembamba, vya milimita mbili au chini yake. Umeme ukiwa unapanda na kushuka, asubiri utulie au atumie jenereta. Mshono uliochomwa kwa umeme dhaifu unashika juujuu tu.

Baada ya kusaga, osha kwa maji safi na sabuni ili kuondoa chumvi iliyojificha, kausha kabisa, halafu paka rangi ya kwanza siku hiyo hiyo. Chuma kitupu katika hewa yenye unyevu huanza kuota kutu kwa saa chache, hata kabla jicho halijaiona. Vishimo visivyofikika kwa brashi vitiwe dawa ya asidi ya fosfori, inayogeuza kutu kuwa ganda jeusi lililotulia. Kisha upande wa chini wa kiraka upakwe vizuri kama wa juu. Kasoro hii naiona mara nyingi kuliko zote: juu rangi tatu, chini chuma kitupu cheusi kwa moto. Kapo hiyo itaoza kutokea tumboni.

Pindo likishapakwa, pasha grisi mpaka ilegee na uipenyeze ndani ya mkunjo. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huitumia, inadondoka ikipata joto, inachafua ardhi na kudhuru ngozi ya mtu. Grisi inakaa. Hakikisha pia vitundu vya kutolea maji kwenye mbavu viko wazi. Fundi anayeviziba kwa puti ili kapo ipendeze ameziweka mbavu ndani ya birika.

Tahadhari moja kwa ajili ya familia: rangi za malori ya zamani zinaweza kuwa na risasi. Usisage rangi hiyo ikiwa kavu mahali watoto wanapocheza. Tumia msasa wa maji, ziba pua na mdomo, na ukusanye taka zake.

Kama unaweza kuchagua wakati, chagua kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti. Unyevu ni mdogo na rangi inakauka vizuri. Lakini ni msimu wa upepo mkali wa kusini, kwa hiyo paka rangi mahali palipozibwa vumbi lisije likaganda juu yake.

Ukinunua iliyotumika

Kapo nyingine, kwa sehemu kubwa, ni kapo iliyotolewa kwenye lori jingine lililozeeka. Usiipokee kwa sababu imepakwa rangi jana. Rangi mpya kwenye kipuri kikuukuu ni sababu ya kuongeza uchunguzi. Nenda na sumaku yako, nenda na bisibisi yako, na uombe ruhusa ya kugusa pindo. Muuzaji akikataa usiguse pindo, jibu umeshalipata. Pima umbali kati ya bawaba na bawaba, na kutoka bawaba hadi kufuli, ulinganishe na ya kwako kabla ya kutoa pesa. Na kapo ya zamani usiiuze kwa uzito wa chuma chakavu mpaka hiyo uliyonunua imekaa, imefungwa, na lori limefanya safari ya kwanza. Bawaba zake, ndoano yake na mbavu zake huenda zikahitajika.

Uamuzi basi uko hivi. Ngozi imetoboka na mifupa ni mizima: tengeneza, na ulipe fundi anayekata kutu badala ya kuifunika. Ngozi imeisha na mifupa ni mizima: vika ngozi mpya. Pindo, mbavu au vishikio vimeoza: nunua nyingine, na uichunguze kama ulivyoichunguza ya kwanza. Penye bawaba na kufuli usipunguze bei kwa lolote, maana hapo unachochezea ni uhai wa dereva wako na wa watu walioko barabarani. Kabla mvua za Oktoba hazijaanza, inua kapo ya lori lako, pitisha bisibisi kwenye pindo la mbele, na uamue wakati bado una la kuchagua.